Jinsi ya kukijua kimji cha Wallonia ukiwa Dar na simu yako tu

Wadau, wengi tuna ndugu kaolewa au anasoma Ubelgiji upande wa wanaoongea Kifaransa, yaani Wallonia, ukimuuliza anakaa wapi anakutajia kijina, ukikitafuta kwa Kiswahili unakuta mistari miwili basi. Njia yangu ni hii, tuchukue Durbuy kama mfano.

Anza na mwaka 1977, usikimbilie mambo ya kale. Huku Dar manispaa ziliongezeka, Ubungo imemegwa Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke, ila Wabelgiji walifanya kinyume, tarehe 1 Januari 1977 manispaa 2,359 za nchi nzima ziliunganishwa zikabaki 596. Ndo maana jina Durbuy linabeba vitu viwili, kuna kamji kenyewe kando ya mto Ourthe alafu kuna manispaa nzima, kilomita za mraba kama 156 na watu zaidi ya 11,000, ndani yake kuna Barvaux, Bomal, Tohogne, Wéris na vijiji vingine. Kila unachosoma jiulize kwanza kinaongelea ipi. Durbuy inajiita "mji mdogo kuliko yote duniani", sifa hiyo ni ya kamji, na kusema kweli ni biashara ya utalii tu, wanaitegemeza kwenye hati ya 1331 pale John Kipofu, mtawala wa Luxembourg na mfalme wa Bohemia, alipoupa haki za mji.

Pili fungua ramani, fuata mto. Ourthe unapinda pinda mpaka mji wa Liège unaingia mto Meuse, na Durbuy ipo pale kanda tatu za Famenne, Condroz na Ardenne zinapokutana. Katikati ya mji kuna mwamba wa chokaa uliokunjwa kama mkeka, unaitwa kwa jina la mwanajiolojia d'Omalius. Kule Wéris kuna makaburi ya mawe makubwa ya miaka kama 5,000 iliyopita, kwangu mimi hayo yanavutia kuliko hiyo hati mara kumi.

Tatu ndo tamu zaidi, ingia WalOnMap, ramani ya bure ya serikali ya Wallonia, washa ramani ya zamani inayoitwa Ferraris, iliyochorwa 1771 mpaka 1778 wakati Waustria wanatawala, uilinganishe na picha za juu za leo, utaona misitu na barabara zilivyobadilika. Inakula bando kwelikweli, tafuta waifai.

Watawala pitia haraka tu: baada ya Waustria, Wafaransa wakalichukua eneo hilo 1795, Waholanzi 1815, Ubelgiji ikajitegemea 1830. Ila 1839 usiiruke, hapo ndo Luxembourg iligawanywa, sehemu ya magharibi ikawa mkoa wa Ubelgiji, kwahiyo ukiona Durbuy ipo "Luxembourg" ni mkoa huo, sio ile nchi, watu wanachanganya sana hapa. (Hao hao Wabelgiji walikuwa na eneo lao bandarini kwetu Dar kwa mkataba wa 1921, mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ilipita hapo.)

Tafuta kwa Kifaransa, andika jina la kijiji na neno "histoire" (historia), alafu weka kwenye programu ya kutafsiri. Na kama unaenda kumtembelea, Durbuy mjini hakuna stesheni, panda treni ya Liège kwenda Marloie ushuke Barvaux.