SOMO: Kulala porini peke yako kwenye theluji (soma hapa kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu salaam. Mwezi huu nimeulizwa "hivi ukiwa peke yako hugandi?" mpaka nimechoka, naandika mara moja, atakayeuliza tena anapewa linki.

Mkiwa wawili, ukianza kuongea vitu havieleweki mwenzio anakushtukia, anakuvisha, anakupa kitu cha moto. Ukiwa mwenyewe, ubongo unaopoa ndo huohuo unaotegemewa ugundue kwamba umepoa. Kwa hiyo mengi humu ni ya kufanya mapema ukiwa bado na akili.

1. Mwachie mtu ratiba: njia gani, unalala wapi, ikifika saa ngapi kimya aite waokoaji. Ukishaondoka usibadilishe njia.

2. Kifaa cha dharura cha satelaiti, sio simu. Simu beba, ila baridi inakula betri, kaa nayo mfuko wa ndani.

3. Mwendo: kuna kanuni ya Naismith ya 1892, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Theluji ikifika magotini mimi nazidisha mara mbili na bado nachelewa. Saa nane mchana naanza kutafuta pa kulala.

4. Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa hazikauki. Anza kutembea ukihisi kibaridi kidogo, ukishatoka jasho umeshaharibu.

5. Hema: sio chini ya mti mkavu, sio chini ya mteremko unaoweza kuporomoka, sio shimoni kabisa maana hewa baridi ni nzito inatuama huko. Kanyaga theluji, iache ishikane kama nusu saa, ndo usimamishe. Vigingi vya kawaida havishiki, jaza theluji kwenye mfuko, funga kamba, fukia, kanyaga.

6. GODORO. Hapa ndo niliharibu. Nilienda na godoro moja la upepo, jepesi, najisifu. Saa saba usiku naamka nyonga inauma kwa baridi, nikadhani begi la kulalia ni bovu, nikavaa kila nilichonacho, wapi. Kumbe godoro limetoboka limebaki gamba na mimi nimelalia theluji. Begi la kulalia upande wa chini limegandamizwa na uzito wako, halina hewa ndani, na hewa ndo inayotunza joto, kwa hiyo chini huna kitu. Nikatafuta tundu kwa tochi nisilione, na hata ningeliona gundi kwenye baridi ile haishiki, vidole vyenyewe vilikuwa vinagoma kushika zipu. Nilikaa juu ya begi la mgongoni na kamba zilizokunjwa mpaka kukacha, nakula vitu vya sukari na kupiga squoti nikiwa nimeinama maana hema fupi. Asubuhi natoa hema nakuta chini yake shimo la umbo langu, bega, nyonga, mpaka kisigino kinaonekana, limeyeyuka likaganda tena linang'aa kama kioo. Joto langu lote lilikuwa pale.

Sasa hivi: mkeka wa povu chini, la upepo juu. Namba zao za R (kipimo cha godoro linavyozuia baridi ya chini, kubwa ndo bora) zinajumlishwa, kwenye theluji sishuki chini ya 5. USIJAZE kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaingia ndani unaganda, tumia mfuko wa kujazia. Visu na vyuma vya viatu vikae nje. Na ukiona kutetemeka kumekoma huku hujapata joto, usishangilie, hiyo ni hatari, bonyeza kifaa.

7. Maji: theluji mpya lita kumi inatoa kama lita moja tu. Tanguliza maji kidogo kwenye sufuria la sivyo inaungua. Kuyeyusha barafu kunakula moto sawa na kuchemsha maji hayohayo kutoka 0 hadi nyuzi 80, kwa hiyo kiasi cha gesi kinachokutosha kiangazi hapa hakitoshi.

MASWALI

kobe_mwendokasi: Mkuu kwani usiwashe jiko ndani ya hema ufunge zipu, joto si litakuja?

Litakuja na kaboni monoksaidi, haina harufu, na hakuna wa kukuburuza nje. Usifanye.

kobe_mwendokasi: Nimeuliza tu mbona ukali

Na mimi nimejibu tu.

Mgeni77: Begi langu la kulalia limeandikwa nyuzi -15, godoro la nini?

Hiyo -15 imepimwa begi likiwa juu ya godoro. Rudia namba 6, ndefu ile.

binti_wa_kilele: Mimi asubuhi jiko linafifia na mtungi bado una nusu, shida nini? Jana yake liliwaka vizuri.

Swali zuri dada. Butani inaacha kugeuka gesi karibu na nyuzi -0.5, isobutani karibu -12, propani mpaka -42. Mitungi mingi ni mchanganyiko, propani inatangulia kuisha, kwa hiyo mtungi uliobaki nusu ni dhaifu kwenye baridi kuliko ulivyokuwa mpya. Lala nao ndani ya begi, halafu ukipika ukalishe kwenye kisahani cha maji ya vuguvugu. Usiupashe kwa moto hata siku moja.

binti_wa_kilele: Asante, kumbe! Na chupa ya maji ninayobaki nayo nje inaganda mdomoni.

Igeuze kichwa chini. Barafu inaanzia juu, kwa hiyo inagandia kwenye kitako na mfuniko unafunguka. Ila hakikisha haivuji.

mzee_wa_dira: Nyongeza, chupa ya haja ndogo iwe na umbo tofauti na ya kunywa, gizani unatambua kwa kushika.

Hahaa mzee, hiyo umejifunzaje?

mzee_wa_dira: Tuendelee na mada.

Mgeni77: Sasa hilo godoro la povu linakunjwaje kwenye begi?

Halikunjwi, linafungwa kwa nje.