Somo: Kumlea mwanafunzi awe kiongozi asiyeacha mtu nje

Mwaka wangu wa kwanza kama mlezi wa baraza la wanafunzi niliwakusanya viongozi wapya, nikawapa semina ya saa mbili kuhusu usawa na heshima. Waliandika, wakapiga makofi, nami nikaondoka kifua mbele. Wiki iliyofuata waliitisha kikao chao cha kwanza ghorofani. Mjumbe mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alibaki chini ya ngazi na daftari lake mapajani, akisubiri wamalize wamsimulie. Hakuna aliyekuwa na chuki naye. Chumba kilikuwa wazi, wakaingia.

Tangu siku hiyo sianzi tena na semina, naanza na kikao chenyewe: kinakaa wapi, nani anasema, nani anakatizwa. Hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Hesabuni kabla ya kuhubiri

Chora duara kwenye karatasi, andika majina ya wajumbe kwa jinsi walivyokaa. Mpe mwanafunzi mmoja kazi ya kuweka alama kila mtu anaposema, na alama nyingine mtu anapokatizwa. Mwisho wa kikao iwekeni mezani, wote waione. Mara ya kwanza kwetu, kati ya wajumbe 14, watatu walikuwa na alama karibu zote, na watano hawakuwa na hata moja. Katibu aliitazama ile karatasi, akasema polepole, "Mimi nilidhani leo tumejadiliana." Semina yangu ya saa mbili haikuwahi kutoa sentensi kama hiyo.

Halafu andikeni orodha ya pili, ya wasiokuwepo kabisa. Waliohamia katikati ya mwaka. Wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Waliorudia darasa. Wenye ulemavu. Wanaotoka mbio kengele ikilia kwa sababu kuna wadogo zao wa kuwalea. Kundi hili la mwisho husahaulika kirahisi, kwa kuwa vikao vyenyewe huwekwa baada ya masomo.

Hatua ya 2: Rekebisheni kikao

Ajenda itoke siku moja kabla, ili anayehitaji muda wa kufikiri au wa kusomewa aupate. Kila hoja ianze kwa dakika mbili za kimya, kila mtu aandike au achore wazo lake, au amnong'oneze jirani kama kuandika kunamsumbua. Kisha mzunguko, mmoja mmoja, na mtu ana ruhusa ya kusema "nipite". Mwenyekiti awe wa mwisho, maana akitangulia wengine huishia kumuunga mkono.

Na mfundisheni mwenyekiti kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwachunguza walimu darasani na kugundua kwamba wakishauliza swali husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu si nyingi, ila kwa kiranja aliyesimama mbele ya wenzake ni kama mwaka mzima. Mwenyekiti wetu mmoja nilimwambia akunje vidole vya mguu ndani ya kiatu, kimoja baada ya kingine, hadi vitano. Ilimsaidia. Na mjumbe mwenye kigugumizi, ambaye wenzake walizoea kummalizia sentensi, siku hiyo aliimaliza mwenyewe.

Hatua ya 3: Mwenye tatizo ndiye fundi wake

Watu wenye ulemavu duniani wana msemo wao: hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi. Wanafunzi huuelewa zaidi nikiwasimulia habari za Louis Braille. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akapofuka akiwa mtoto mdogo, akapelekwa shule ya wasioona huko Paris. Vitabu vya pale vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa ili zipapaswe, vikubwa, vizito, na kuvisoma kulichosha. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaunda mfumo wake wa nukta nundu. Akauchapisha mwaka 1829. Shule yake iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Hapo huwa nawauliza: ilikuwaje wakubwa wakachelewa hivyo, na jibu lilikuwa mikononi mwa wanafunzi wao? Mmoja alinijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi: "Kwa sababu zile herufi za zamani, wao walikuwa wanaziona."

Kwa hiyo kabla baraza halijaamua jambo linalomhusu mtu, liende likamuulize yeye. Na swali liwe la wazi. "Unahitaji msaada?" hujibiwa "hapana" na mazungumzo yameisha. "Ni saa ngapi ya siku shule hii inakuchosha zaidi?" huleta mambo.

Hatua ya 4: Wape madaraka ya kweli, hata kama ni madogo

Mwaka 1992 UNICEF ilichapisha ngazi ya ushiriki wa watoto iliyoandaliwa na mtafiti Roger Hart. Ina vidato 8, na vitatu vya chini anasema si ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa, mtoto kuwekwa kama pambo, na mtoto kuwekwa kwa jina tu. Mabaraza mengi niliyoyaona yako hapo hapo chini. Wanafunzi wanasimama kwenye sherehe, wanasoma hotuba iliyoandikwa na mwalimu, picha zinapigwa.

Kipimo changu ni kimoja: je, wanaweza kukataa na kukataa kwao kukabadilisha jambo? Kama hawawezi, tafuta kitu ambacho wanaweza. Ratiba ya uwanja. Taratibu za maktaba. Utaratibu wa kuwapokea wanafunzi wapya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 12 kwamba maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Uzito, maana yake mizani isogee.

Hatua ya 5: Wafanye mazoezi ya kuingilia kati

Wengi wanajua kwamba mwenzao anaonewa. Hawajui tu waseme nini, na wanaogopa kuwa peke yao. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu kwenye makundi na kuwauliza ni mstari upi unaolingana na mwingine. Katika kila kundi mmoja tu ndiye aliyekuwa akijaribiwa; wengine wote, waliopangwa naye, walitoa jibu la uongo, na wengi wa waliojaribiwa wakalifuata angalau mara moja ingawa macho yao yaliona vingine. Alipoweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli, ufuataji ule ulishuka sana.

Basi fanyeni igizo fupi, na sentensi ziwe fupi vilevile: "Ngoja, hajamaliza." "Hilo wazo alilisema yeye kwanza." "Tuhamie chini, sote tufike." Warudie mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 6: Tokeni nje ya geti

Jamii ina vikao vyake na ngazi zake. Mradi uwe mmoja, mdogo, na uanze kwa kuuliza. Sipendi, na wenzangu wengi watanipinga, lile zoezi la kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni "waonje" upofu. Dakika kumi za kujikwaa huwapa hofu na huruma tu, hazimfundishi mtu ujuzi wa asiyeona aliyeizoea njia yake. Mwombeni yeye atembee nanyi, awaonyeshe ni wapi panamkwaza.

Hatua ya 7: Pokezaneni

Uenyekiti, ukatibu na utunzaji wa muda vizunguke kila baada ya vikao vichache. Sina la kuongeza hapo.

MASWALI NA MAJIBU

Mwalimu wa madarasa ya chini: Wangu wana miaka saba. Baraza hawana, ngazi ya Hart hawaijui. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye kazi ya kikundi. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walikuwa na madarasa yaliyojaa uhasama baada ya shule kuacha kutenganisha watoto kwa rangi. Waligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande chake awafundishe wenzake. Huwezi kumdharau mwenye kipande unachokihitaji. Kwa umri wa miaka saba, hata picha iliyokatwa vipande vitano inatosha.

Mzazi: Binti yangu ni mkimya mno, na mwalimu wake anamlazimisha agombee. Nimwache alazimishwe?

Jibu: Hapana, mama. Ongea na mwalimu kwa upole. Kuna uongozi wa jukwaani na kuna ule wa kukaa karibu na mgeni siku yake ya kwanza. Mwulize binti mwenyewe ni kazi ipi angeifanya hata kama hakuna anayemtazama.

Kiranja: Shikamoo mwalimu. Tulijaribu mzunguko, wenzangu wanasema vikao vimekuwa virefu.

Jibu: Marahaba. Wana haki ya kulalamika. Punguza ajenda, usipunguze watu. Hoja mbili zilizojadiliwa na wote zina faida kuliko sita zilizopitishwa na watatu. Matangazo yabandikeni ukutani.

Mwalimu mlezi: Tukitenga nafasi ya mjumbe mwenye ulemavu, si ndiyo kile kidato cha "jina tu" unachokisema?

Jibu: Inaweza kuwa hivyo, ikiwa ni nafasi moja, haina kura, na mambo pekee anayoulizwa ni ya ulemavu. Weka nafasi mbili ili asiwe mpweke, mpe kura, na mpe wizara yoyote, michezo au taaluma. Kama ni kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama akae anapoonekana vizuri, mwanga usiwe nyuma yake, na wajumbe wamtazame mjumbe wanapozungumza naye, si mkalimani.

Mwalimu mwingine: Na yule anayesema peke yake kila kikao? Nimemwonya mara tatu.

Jibu: Usimwonye mara ya nne. Mpe ile karatasi ya duara na kalamu, awe yeye wa kuweka alama. Wetu alipofika alama ya tisa kwenye jina lake aliacha kalamu, akainua macho, akamwuliza msichana aliyekaa mkabala naye: "Wewe unaonaje?"