Ukinunua vani ya kazi iliyotumika, usiamini namba ya dashibodi peke yake

Kilomita zinarudishwa nyuma kirahisi sana siku hizi, kwa hiyo we angalia vitu ambavyo muuzaji anasahau kubadilisha. Raba ya pedali ya klachi ikiwa imelika mpaka chuma kinang'aa, siti ya dereva imebonyea upande wa mlangoni, usukani umekuwa laini kama sabuni, halafu anakwambia gari imetembea elfu 60? Hapana bwana. Chungulia pia kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti, mara nyingi utakuta stika ya zamani ya kubadilisha oili ina kilomita zake.

Ila kilomita nyingi sio lazima ziwe mbaya, vani ya safari ndefu yenye laki 2 na nusu inaweza kuwa nzima kuliko ya laki moja iliyoshinda mjini inasambaza mizigo, kusimama na kuondoka kutwa, klachi na breki na reli ya mlango wa pembeni vyote hoi.

Na mwambie muuzaji asiiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto jiulize kwa nini, huenda anaficha injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi.