Soma toleo la kidhibiti cha USB kabla ya kulaumu kiendeshi

Kwa wenzangu mnaohangaika na viendeshi vya USB (programu zinazoendesha vifaa, si diski) kwenye kompyuta zilizotumika, ambazo hapa Kampala hupatikana za kila umri katika duka moja: msiguse msimbo kabla hamjajua kidhibiti kilichomo, yaani chipu inayosimamia milango ya USB, ni cha toleo gani. Katika xHCI, kanuni ya vidhibiti vya USB 3, rejista (sehemu ndogo ya kuhifadhi thamani ndani ya chipu) ya baiti mbili iliyo kwenye ofseti 0x02, yaani baiti mbili kutoka mwanzo, hutaja toleo la kanuni ambalo kidhibiti kinalifuata, kwa mfano 0x0096, 0x0100 au 0x0110, na kwenye Linux thamani hiyo huonekana katika dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kernel, kando ya ile ya hcc params, rejista inayoeleza uwezo wa kidhibiti.

Hiyo hcc params ndiyo iliyonipotezea siku mbili. Biti yake ya 2 hueleza kama kila muktadha, yaani kipande cha kumbukumbu kinachomweleza kidhibiti habari za kifaa, una baiti 32 au 64. Kiendeshi changu kilichukulia kuwa ni 32 daima, kwa hiyo kwenye mashine ya kwanza kilifanya kazi vizuri, lakini kwenye ya pili, iliyotumia 64, muktadha wa endipointi (njia ya data ya kifaa) uliandikwa mahali pasipo pake, na amri ya kukipa kifaa anwani ikakataliwa kila mara, huku mimi nikibadilisha nyaya. (Nyaya zilikuwa nzima.)

Toleo pekee halitoshi, kwa kuwa vidhibiti viwili vya toleo moja vinaweza kuwa na kasoro tofauti. Andikeni pia namba za utambulisho wa kidhibiti zinazotolewa na amri ya lspci -nn, pamoja na rev (toleo la chipu yenyewe), kisha mlinganishe dmesg ya mashine inayokubali na ya ile inayogoma.