Kuongeza mchanga kwenye tangi la samaki wa baharini bila kuvuruga wenyeji

Mimi ni fundi bomba, nakaa Tabata, Dar es Salaam, na tangi langu la maji ya chumvi liko sebuleni mwaka wa sita sasa. Lilianza na mchanga wa sentimita nne. Kila nilipofyonza uchafu kwa mpira, mchanga kidogo uliondoka nao, mpaka kioo cha chini kikaanza kuonekana kama kipara. Nikaamua kuongeza.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilimimina ndoo nzima kutoka juu, nikaona haujakaa sawa, nikazamisha mkono na kuusawazisha hadi chini kabisa. Maji yakawa uji wa mchele kwa siku mbili. Mama watoto akapita sebuleni, akasimama: "Baba watoto, hii harufu ni ya choo au ya samaki wako?" Kumuuliza hivyo fundi bomba ni tusi, lakini pua yake haikukosea. Ilikuwa harufu ya mayai viza. Chini ya mchanga wa siku nyingi, mahali hewa haifiki, bakteria hutengeneza haidrojeni salfaidi, sumu ile inayonuka hivyo. Asubuhi nikamkuta samaki wangu mmoja, kangaja, amelala ubavu. Mchanga mpya haukuwa na kosa lolote. Ni mkono wangu uliochokonoa wa zamani.

Kwa hiyo kazi inaanza wiki mbili kabla. Fyonza uchafu wa juu juu, theluthi moja ya eneo kila unapobadilisha maji, bila kuchimba. Wale bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, wanaishi humo pia, ukiwaondoa wote siku moja umejitafutia balaa.

Mchanga wa kununua ni aragonaiti, yaani kalsiamu kaboneti, jamii moja na makombe na matumbawe. Dondoshea siki: ukitoa povu, ndio. Mchanga wa mto tunaojengea kwa kawaida hautoi, maana sehemu kubwa ni silika. Ila mchanga wa Coco Beach wenye vipande vya makombe nao utatoa povu, na siki haitakuambia umebeba mafuta gani au maji taka gani. Na wanaoutamani ule mweupe wa Bongoyo na Mbudya wakumbuke visiwa hivyo ni hifadhi za bahari tangu 1975. Kule nenda ukaogelee, urudi na picha. Punje ziwe kama chenga za mchele, milimita moja hadi mbili. Zile za unga unga hupeperushwa na pampu kila siku.

Hesabu ni rahisi: urefu mara upana mara kina. Langu ni sentimita 90 kwa 45, nami nilitaka kina cha sentimita mbili zaidi. Hiyo ni lita nane na kidogo, na lita moja ya mchanga mkavu ina kama kilo moja na nusu, basi kilo 12. Nilizigawa mara mbili, nusu leo na nusu baada ya wiki, ili bakteria wa zamani wasifunikwe ghafla wakakosa hewa.

Kuosha ndiko kunakochosha, na ndiko watu wanakoiba muda. Weka kilo tatu tu kwenye ndoo ya lita 20, fungulia mpira, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga maji meupe, rudia. Mimi hufika mara kumi na tano. Maji ya kisima yanatosha kwa kuanzia, hata haya yetu yenye chumvi, lakini suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochujwa kwa mashine, yasiyo na klorini wala madini. Kama umenunua ule unaouzwa ukiwa mbichi na bakteria wake, usiuoshe, utawaua. Ule uliouosha uuloweke usiku kucha kwenye maji uliyoyatoa kwenye tangi. Mchanga mkavu hubeba mapovu ya hewa, na hayo ndiyo huuelelesha.

Siku yenyewe fanya asubuhi, taa ikiwa imewaka na samaki wameamka. Zima pampu zote na hita. Chukua kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na nusu, kwangu hivyo havikosekani, kishushe hadi kikaribie kugusa mchanga wa zamani. Juu chomeka kichwa cha chupa ya maji iliyokatwa, kiwe faneli. Mimina kikombe kimoja, acha ushuke wenyewe, sogeza bomba kidogo, mimina tena. Anza pembeni, ukielekea katikati. Usifukie matumbawe, na usinyanyue mawe ili uweke mchanga chini yake. Jawe lililokaa juu ya mchanga, iko siku litaangukia kioo. Punje zikitua juu ya matumbawe, zipulize kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Subiri saa moja ndipo uwashe pampu, moja moja. Weka pamba mpya ya kuchujia, na ibadilishe kesho yake maana itakuwa imeziba. Ukungu mwepesi wa siku moja usikutishe.

Pima amonia siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Ikionekana, badilisha robo ya maji kwa maji yenye chumvi ile ile na joto lile lile, na punguza chakula. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na Dar hii unaijua ilivyo mwezi wa pili, kwa hiyo wiki hiyo niliacha pampu ya hewa ya betri karibu na tangi. Umeme ulikatika usiku wa pili, saa tatu nzima.

Nusu ya pili niliimwaga Jumamosi iliyofuata, na mara hii sikusikia swali lolote kutoka jikoni. Mchanga uliobaki uanike juani, uufunge kwenye ndoo yenye mfuniko na uandike kwa maka pen kubwa kubwa. Wangu nilimkuta kijana wa zege ameshauchota beleshi moja, akitengeneza kibaraza.