Kabla hujatia saini: kujiandaa kwa upasuaji Tanga

Ukitokea Pangani, Muheza au Mkinga ukaandikiwa rufaa ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, beba barua ya rufaa, majibu ya vipimo, picha za eksirei au altrasaundi, kitambulisho na kadi ya bima. Kama huna bima na uwezo ni mdogo, pitia mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Usingoje siku ya kulazwa.

Daktari akishaamua upasuliwe, utapewa fomu ya ridhaa. Hapa naomba usiwe na haraka. Watu wetu wengi wakiona kalamu wanasaini, wanaona haya kumhoji daktari. Uliza: ugonjwa wangu unaitwaje? Mtakata nini, na wapi? Kuna tiba nyingine? Hatari zake ni zipi, na nisipopasuliwa itakuwaje? Nitachomwa ganzi ya mgongoni au nitalazwa usingizi? Neno usilolielewa, mwombe alirudie kwa Kiswahili cha nyumbani. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi, na mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Hata ukishasaini, una haki ya kubadili mawazo.

Mtaalamu wa usingizi mwambie kila kitu: pumu, presha, kisukari, sigara, mzio, meno ya bandia, na dawa unazomeza. Mitishamba nayo ni dawa, itaje. Aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda usiziache wala kuziendeleza kwa uamuzi wako. Ukiambiwa huenda utaongezewa damu, tafuta ndugu wa kuchangia mapema: wenye miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50.

Kuhusu kufunga kula, shika maelekezo ya wodini. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2. Chai ya maziwa na uji vinahesabiwa kama chakula. Mama yangu mdogo alirudishwa nyumbani katika hospitali moja kwa kikombe cha uji alichokunywa alfajiri, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Alilia njia nzima. Tumbo likiwa na kitu, ukiwa usingizini chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Jambo jingine, hasa kwa kina mama wanaotoka harusini: piko nyeusi na rangi ya kucha. Kile kifaa kinachobana kidole kupima oksijeni kinapitisha mwanga, na rangi nzito inaweza kukipotosha. Futa rangi ya kucha, acha hata vidole viwili bila piko. Vua pia pete na hereni, mwachie anayekusindikiza.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji utaulizwa jina lako, unapasuliwa nini na upande gani. Swali hilo limo katika orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Hata ukiulizwa mara ya tatu usichoke. Jibu kwa sauti, na upande uoneshe kwa mkono.