Mtihani wa mkanda na semina ya masta: namna ya kujiandaa na cha kurudi nacho

Mwanafunzi wa taekwondo huingia ukumbini Jumamosi asubuhi akiwaza rangi ya mkanda atakaotoka nao. Ameifanyia kazi rangi hiyo miezi mitatu au minne, ana haki ya kuiwaza. Lakini siku hiyo ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi: kwa dakika chache mwili wake unatazamwa na jicho lisilomzoea. Mwalimu wake amemwona akipiga teke mara elfu, na kisigino kisichogeuka ameshakizoea. Mtahini hajakizoea. Na masta anayeendesha semina, siku hiyohiyo au kesho yake, ndiye anayeweza kueleza kwa nini kisigino hakigeuki.

Maelezo haya ni ya wanafunzi wa mikanda ya rangi hapa Uganda, pamoja na wazazi wanaowalipia.

Kabla ya kulipa

Jua klabu yako inafuata mfumo gani. Klabu za World Taekwondo, shirikisho ambalo mchezo wake uliingia Olimpiki kwa medali kamili mjini Sydney mwaka 2000, hutumia poomsae (mifululizo ya hatua iliyopangwa) za Taegeuk, na vyeti vyao vya dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, hutoka Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972. Klabu za ITF (International Taekwon-Do Federation), shirikisho lililoanzishwa na Choi Hong Hi mwaka 1966, hutumia tul, mifululizo yao wenyewe, na ya kwanza ni Chon-Ji. Video nyingi za intaneti hazisemi ziko upande upi. Ukijifunzia simu bila kuuliza, utafika mtihanini na misimamo ya nyumba mbili. Hapa tunazungumzia Taegeuk.

Uliza ada ni ya nini: mtihani pekee, au na mkanda, cheti na semina? Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa mpangilio uleule. Jina la utani la klabuni likishaingia kwenye cheti, kulitoa ni kazi.

Poomsae: tafuta chaki

Mtahini akikaa mezani, macho yake huanzia miguuni. Chukua Taegeuk Il Jang, poomsae ya mwanzo. Ina hatua 18, na ramani yake ni mistari mitatu ya kulala, kama ilivyo alama ya mbingu inayowakilishwa nayo. Inaanza na kuishia mahali pamoja. Kwa hiyo chora msalaba wa chaki kwenye saruji, simama juu yake, fanya poomsae yote bila kutazama chini, kisha angalia umeishia wapi.

Ukiishia mbele ya msalaba, hatua za kurudi zimekuwa fupi kuliko za kwenda. Mara nyingi ni zile ap kubi (misimamo mirefu) mbili za mwisho, mapaja yakiwa yamechoka. Ukiishia pembeni, tatizo liko kwenye migeuko. Rudia mara tano na kila mara weka alama. Alama zikitawanyika kama mbegu zilizomwagika, huna kipimo cha hatua. Zikikusanyika pamoja, hata kama ni mbali na msalaba, una kosa moja tu, na kosa moja hurekebishika ndani ya wiki.

Kipimo chenyewe ni nyayo zako. Ap seogi, msimamo wa kutembea, ni nyayo tatu hivi kutoka kisigino cha nyuma hadi vidole vya mbele. Ap kubi, msimamo mrefu, ni nyayo nne hadi nne na nusu, na katikati ya mstari wa mguu mmoja na wa mwingine kuwe na upana wa ngumi. Goti la mbele likunjwe mpaka ukitazama chini lilingane na vidole. Mguu wa nyuma unyooke, na wayo wake usifunguke nje kupita digrii 30. Watoto wengi husimama kama walio juu ya kamba, miguu yote miwili kwenye mstari mmoja. Hao hawahitaji kusukumwa na mtu. Ngumi yao wenyewe inawayumbisha.

Mikono ina vipimo vyake pia. Arae makki, kinga ya chini, inaishia juu ya paja kwa nafasi ya ngumi mbili. Eolgul makki, kinga ya uso, inakaa ngumi moja mbele ya paji. Ngumi ya kifuani ifike usawa wa chembe cha moyo, isipande mpaka begani. Mkono unaorudi ufike kiunoni, kiganja kikitazama juu. Wanaochoka huuacha ukining'inia mbavuni, na nguvu ya ngumi ya pili inakuwa imekwisha kabla haijatoka.

Kichwa kigeuke kabla ya mwili. Anayegeuka bila kutazama amesema kwamba hakuna mpinzani, na mtahini huliandika hilo papo hapo. Kihap, ukelele wa nguvu, ya Il Jang ni moja, kwenye ngumi ya mwisho. Woga huila, kwa hiyo itoe kila mara unapofanya mazoezi, usiiwekee akiba.

Jifunze pia amri mpaka mwili uzitii wenyewe: charyeot (simama wima), kyeongnye (inama), junbi (jiandae), sijak (anza), baro (rudi ulipoanzia). Na maana za poomsae huulizwa: Il Jang ni mbingu, Ee Jang ziwa, Sam Jang moto, Sa Jang radi, Oh Jang upepo, Yuk Jang maji, Chil Jang mlima, Pal Jang ardhi.

Mguu uliosimama

Wanafunzi hutazama mguu unaopiga. Katika dollyo chagi, teke la mzunguko, kazi kubwa iko kwenye ule uliobaki chini. Shika ukuta kwa mkono mmoja, pandisha goti, na kabla hujaunyoosha mguu zungusha ule uliosimama mpaka kisigino chake kielekee shabaha. Zungukia sehemu nene ya wayo iliyo chini ya vidole, kisigino kikiwa kimeinuka kidogo tu, kiasi cha karatasi kupita.

Usipozungusha, nyonga inajifunga, teke linapanda juu badala ya kuingia, na msokoto wote unabebwa na goti. Ndipo unasikia mtu akilalamikia maumivu ya ndani ya goti wiki mbili baada ya mtihani. Mikeka ya mpira ya kuunganisha vipande hunata wayo. Saruji kavu huchuna ngozi. Kote kuwili dawa ni kuinua kisigino. Piga ishirini kila upande, polepole, siku nne kwa wiki, kwa wiki sita. Usipunguze wiki na kuongeza idadi. Goti halifundishiki kwa haraka.

Mbao

Si kila klabu inadai kuvunja mbao katika mikanda ya chini. Ikidai, andaa mbao mapema, maana kushindwa kwingi huanzia kwa muuzaji.

1. Nunua paini, si mvule wala mti mwingine mgumu. Kipande cha sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 2 hivi, kinamtosha mtu mzima. Mtoto apewe nyembamba zaidi, au ubao wa plastiki unaounganishwa tena.
2. Kagua vifundo. Ubao wenye kifundo katikati urudishe.
3. Paini inayouzwa Ndeeba, Kampala, na kwingineko mara nyingi bado ina maji. Mbao mbichi hupinda kama mpira na kukurudishia pigo. Iache ndani ya nyumba, mahali penye hewa, wiki mbili au tatu. Usiianike juani, itajikunja.
4. Ubao huvunjika kwa kufuata nyuzi. Mikono ya washikaji ikiwa kushoto na kulia, nyuzi zisimame wima. Ikiwa juu na chini, nyuzi zilale. Ukikosea hapa hata masta hauvunji.
5. Washikaji wawe wawili, wasimame ap kubi, viwiko vimekazwa, viganja kwenye kingo tu, nyuso zimegeuzwa pembeni kwa ajili ya vibanzi. Ubao ukirudi nyuma, nguvu imepotea na mguu ndio unaoumia.

Kwa ap chagi, teke la mbele, vuta vidole vya mguu nyuma ili itue sehemu nene ya wayo. Lenga sentimita 10 au 15 nyuma ya ubao. Anayelenga uso wa ubao hupunguza mwendo bila kujua, na husikia mlio wa "pu" mahali palipotakiwa "ka". Wazazi, msikubali mtoto mdogo avunje kwa ngumi. Mifupa ya vidole vyake bado inakua.

Kyorugi

Hapa, kwenye pambano la wawili, mtahini hatafuti mshindi. Anatafuta mtu anayejua umbali, anayerudisha mikono baada ya teke, na anayemjali mwenzake. Kujua pointi kunasaidia: ngumi ya kifuani 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, la kuzunguka kifuani 4, la kuzunguka kichwani 5. Ila anayesaka tano tangu sekunde ya kwanza huishia kumpa mtahini mgongo.

Siku yenyewe

Usiku kula kama kawaida: matoke, maharage, posho (ugali), unachokijua. Asubuhi epuka katogo (matoke yaliyopikwa pamoja) ya matumbo na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) yenye mafuta; chai, mkate na ndizi mbivu mbili vinatosha, saa mbili au tatu kabla. Kunywa nusu lita ya maji, kisha kidogo kidogo.

Ondoka ukiihesabu foleni ya Kampala, ufike saa nzima kabla. Dobok, sare ya taekwondo, ibebe kwenye mfuko na uivae hukohuko, kwa sababu msimu wa mvua boda moja inatosha kuipaka tope jekundu. Kata kucha za mikono na miguu. Vua shanga, hereni na saa. Ncha za mkanda zilingane.

Ukiitwa, itikia kwa sauti, kimbia kidogo kwenda mahali pako. Ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili. Mtoto aliyelelewa Buganda hahitaji kufundishwa hilo, ila hapa huinama badala ya kupiga magoti. Ukikosea katikati ya poomsae, usicheke wala usiombe radhi kwa uso. Simama ulipo, vuta pumzi, endelea na hatua inayofuata. Watahini wengi husamehe hatua iliyosahaulika kuliko mtu aliyekata tamaa.

Semina

Wengine hulipa mtihani na kuacha semina ili kuokoa shilingi. Ikiwa fedha ni za kimoja tu, zungumza na mwalimu kabla hujaamua, kwani mtihani hurudi baada ya miezi michache na masta huenda asirudi.

Masta mzuri hafundishi mateke ishirini. Anaweza kukaa dakika arobaini kwenye kitu kimoja: namna goti linavyopanda. Wanaotafuta mapya huchoka hapo. Wewe sogea mahali unapoona nyonga zake, kwa kuwa wayo huenda haraka na nyonga ndiyo inayoutuma. Akionyesha polepole, hesabu kimoyomoyo: nini kimetangulia, bega, nyonga au kisigino? Kama maneno yake yanapitia kwa mkalimani, mpangilio huo ndio utakaokosekana kwenye tafsiri.

Chagua mwenzi usiyemjua, kutoka klabu ya Jinja, Mbale au Gulu, na mwenye urefu tofauti na wako. Wenzako wa kila siku wanajua teke lako la pili kabla hujalitoa, nawe unajua lao. Mmeshaanza kucheza kwa mazoea. Mgeni atakukuta wazi mahali ambapo hukujua pana mlango.

Swali liwe moja na liwe la mwili. "Sabumnim, nikipiga dollyo chagi kwa mguu wa kushoto naangukia mbele, lakini wa kulia siangukii" humfanya aseme "piga nione". "Nifanyeje niwe bora?" humpa hotuba ya kukujibu, na hotuba haibadilishi teke. Usirekodi bila ruhusa. Ukiruhusiwa, simu ikae usawa wa kiuno, pembeni, mita tatu au nne, na ikurekodi wewe ukirekebishwa.

Kabla hujapanda taksi kurudi, fungua daftari. Andika makosa mawili, usizidishe: moja la mtahini, moja la masta. Kando ya kila moja andika sababu uliyopewa na zoezi la kulirekebisha. Ukiahirisha mpaka jioni, utakumbuka vicheko na picha za pamoja tu.

Wiki inayofuata

Umefeli? Muulize mwalimu kipengele gani kilikuangusha na marudio ni lini, kisha anza na hicho peke yake. Umefaulu? Makosa ni yaleyale. Jumatatu mwonyeshe mwalimu daftari, kwa heshima, bila kusema "masta alisema wewe unakosea". Mwambie "nimeelekezwa hivi, naomba unitazame". Tumia dakika kumi za kwanza za kila mazoezi kwa makosa hayo mawili, na msalaba wa chaki upo palepale.

Cheti kipige picha siku hiyohiyo, kitie kwenye bahasha ya plastiki, na uandike pembeni tarehe na cheo cha aliyekitia saini. Siku utakapohamia mji mwingine, au utakapofika kuombea dani, au poom kwa aliye chini ya miaka 15, klabu mpya itataka kuona ulipopita.